Datsun Aliyoifufua Mama

Harufu ndiyo inayonirudia kwanza, harufu ya dizeli iliyochanganywa na oili ya gia. Mama aliumimina mchanganyiko huo ndani ya matundu sita ya plagi mwishoni mwa likizo ya Aprili, mwaka wa 2007, na kwa wiki mbili nyumba yetu ya kupanga pale Free Area haikunukia kitu kingine. Harufu iliingia kwenye mapazia, kwenye unga, kwenye sweta yangu ya shule. Shule zilipofunguliwa, mwalimu wangu wa darasa la tano aliniuliza mbele ya wenzangu kama nyumbani tunauza mafuta. Nilimjibu kwamba tunafufua gari. Darasa likacheka, naye akaniambia niache uongo. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na nilirudi nyumbani nimejaa hasira. Mama alinisikiliza huku akiendelea kusugua plagi kwa brashi ya waya, kisha akasema mwalimu hana kosa, hajawahi kuiona. Sikukubaliana naye. Hadi leo sikubaliani naye kuhusu nani ana kosa na nani hana, na hasa kuhusu mambo ya mwaka ule.

Gari lenyewe lilikuwa Datsun 240Z, gari la michezo kutoka Japani, lenye milango miwili, boneti ndefu kuliko sehemu ya kukaa watu, na injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Wazee wa Nakuru walizikumbuka zikipita zimejaa matope siku za mashindano ya magari ya Pasaka, wao wakiwa vijana wamepanda juu ya miti kuzitazama. Hii ya kwetu Baba aliikuta ghalani katika shamba la ngano huko Njoro, alikokuwa dereva wa trekta. Kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Mwenye shamba alipouza kila kitu na kuhama, alimpa Baba lile gari kwa utumishi wake wa miaka mingi, na kitabu cha umiliki wa gari kikaandikwa jina la Baba. Aliapa kwamba angelitembeza. Hakuwahi. Homa ya mapafu ilimchukua mwaka wa 2005, Datsun ikiwa bado juu ya mawe nyuma ya nyumba, haina magurudumu.

Baada ya mazishi, ukoo ulikaa kugawana. Nasema kugawana kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa wao waliita kikao cha kusaidia mjane. Aliyeongoza alikuwa baba mkubwa Gitau, kaka yake Baba, mtu mwenye sauti ya upole na koti la kijivu alilolivaa hata kwenye jua. Ng'ombe wawili walienda kwake ili wasiteseke. Pampu ya maji ilienda kwa mdogo wake. Sehemu ya shamba aliyokuwa akilima Baba ikasemwa ni ya ukoo na itarudi kwa ukoo. Ilipofika zamu ya Datsun, walicheka. Mimi nilikuwa mlangoni na birika la chai, nikamsikia Gitau kwa masikio yangu akisema, “Hiyo chuma wachieni mama. Akipata mtu wa kununua vyuma kuukuu, ni bahati yake.” Hakuna aliyepinga. Mama alishukuru, akakodi lori, akalipakia gari, na sisi wawili tukahamia mjini.

Walichokisahau wale wazee, au pengine hawakuwahi kukiuliza, ni kazi ambayo Mama alikuwa akifanya kila siku. Alikuwa fundi wa mashine za kukamulia maziwa. Alizunguka mashamba ya ng'ombe kutoka Njoro hadi Rongai akiwa na sanduku lake la spana, akifungua pampu, akibadilisha mipira, akipima mvuto wa hewa ndani ya mabomba kwa kigeji kidogo cha mviringo. Mashine ya kukamua ikivuta kupita kiasi inamuumiza ng'ombe, ikivuta kidogo haitoi maziwa. Mama aliweza kuisikia hitilafu akiwa bado hajaingia zizini. Kwake injini haikuwa jambo la ajabu. Ilikuwa pampu nyingine inayovuta hewa, tofauti ni kwamba hii inakunywa petroli.

Basi baada ya zile wiki mbili za dizeli aliingiza bomba refu kwenye mkono wa spana, tukalishika wote wawili, tukavuta kwa uzito wetu wote. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya nne kitu kilikwaruza ndani, na ile injini iliyokuwa imeshikana miaka mingi ikazunguka robo mzunguko. Mama alikaa chini palepale kwenye matope akacheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu siku hiyo kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya kanisa tulikuwa chini ya gari au ndani yake. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi ungeweza kuona nyasi. Alikata mabati mazito ya tangi kuukuu na kuyachomelea mwenyewe, mimi nikiwa nimeambiwa nigeuze uso. Tulipiga msasa milango mpaka vidole vyangu vikakosa ngozi. Siku ya kupaka rangi aligeuza pampu ya kukamulia ili ipulize badala ya kuvuta, akaifunga kwenye bomba la rangi, na Datsun ikatoka nyeupe kama maziwa, ikiwa na vidoa vya mavumbi upande wa kushoto ambavyo vilimkera kila alipoviona.

Spea tulizipata kwa Bwana Jaswant, Kalasinga mwenye duka la vipuri mjini, ambaye ujana wake aliketi kando ya madereva wa mashindano akiwasomea ramani. Mara ya kwanza Mama alipomtajia gari alilonalo, alidhani anatumwa na mwanamume fulani. Alimuuliza fundi wako ni nani. Mama akamwonyesha mikono yake. Mzee yule aliitazama ile mikono, akaingia stoo, akarudi na kabureta mbili zilizofungwa kwenye gazeti, za aina ile ile iliyotoka na gari, akasema alikuwa akizihifadhi bila kujua ni za nani. Tangu hapo alikuwa akija Jumapili kukaa kwenye kiti cha plastiki uani kwetu, akinywa chai na kubishana. Yeye alitaka gari libaki lilivyotoka Japani. Mama alitaka litembee barabara za Nakuru. Gia boksi ya zamani ilikuwa na gia nne, naye akaweka ya gia tano kutoka kwenye pikapu iliyopata ajali. Alitupa platini za kuwashia cheche, akaweka mtambo mpya usiohitaji kurekebishwa kila mwezi. Radieta aliongeza upana ili injini isichemke kwenye milima ya Timboroa. Jaswant alilalamika, kisha akamletea mipira ya radieta.

Kusikiliza injini ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo niliyokuwa naiweza. Kabureta zikiwa mbili, lazima zivute sawa, la sivyo injini inachechemea. Mama alifunga kigeji chake cha mashine ya maziwa upande wake, nami nikapewa kipande cha mpira. Ncha moja niliiweka sikioni, ya pili kwenye mdomo wa kabureta, nikasikia mlio wa hewa ikiingia kama mtu anayevuta pumzi kwa meno. Kisha nikahamia ya pili. Nilimwambia, “Hii ya nyuma inavuta sana.” Akageuza skrubu kidogo sana. “Bado.” Akageuza tena. Sisi tuko juu sana kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta za kiwandani huimwagia injini petroli nyingi kuliko inavyoweza kuichoma, ndiyo maana plagi zetu zilikuwa zikitoka nyeusi. Tulirudia wiki tatu. Siku plagi zote sita zilipotoka na rangi ya hudhurungi, Mama alizipanga juu ya meza ya kulia chakula, juu ya kitambaa cheupe, tukala ugali huku tukizitazama.

Mwezi wa Novemba tuliiendesha hadi Njoro na kurudi. Watu walisimama kando ya barabara. Wanafunzi wa chuo walipiga miluzi, na mmoja akapiga kelele, “Mathe, hiyo ni moto!” Mama, ambaye sijawahi kumwona akijivuna, aliingiza gia ya tano na kutabasamu akitazama mbele. Tulipoingia kituo cha petroli kwenye njia ya kurudi, tukamkuta baba mkubwa Gitau akinunua mafuta ya taa. Alilizunguka gari mara mbili. Alipapasa boneti. Alimpongeza Mama kwa maneno matamu, akaniwekea mkono kichwani, akasema marehemu angefurahi kuona gari lake limepona. Gari lake. Mimi niliyasikia yale maneno, nikiwa mtoto, na yalinikaa vibaya. Mama alisema ni namna tu ya kuongea.

Lazima niseme sasa jambo ambalo kabla ya uchaguzi wa mwaka ule halikuwa na uzito wowote nyumbani kwetu. Baba alikuwa Mkikuyu, Mama ni Mkipsigis. Kwangu hilo lilimaanisha nyanya wawili wa kuwasalimia kwa lugha mbili, basi. Mwezi wa Januari, 2008, matokeo ya kura yalipopingwa na makabila kugeukiana, likageuka kuwa swali la kuulizwa getini. Moshi ulionekana upande wa Njoro, kisha upande wa Molo, na mwisho wa mwezi vurugu zikaingia mjini penyewe. Vijana tuliowajua, waliokuwa wakituoshea gari na kutusalimia niaje, walikuja mchana kweupe kumuuliza mwenye nyumba kama ni kweli kuna mtu wa upande ule, wakimaanisha Mama, anayeishi ndani. Mwenye nyumba, mama mmoja wa kanisani kwetu, aliwadanganya kwamba tulishaondoka. Sisi tulikuwa nyuma ya kabati lake.

Kesho yake asubuhi Gitau alifika na lori na kamba. Alisema amekuja kutuokoa. Nyumbani kwake, alieleza kwa ile sauti yake, hali haikuwa nzuri ya kumpokea Mama, watu walikuwa na uchungu, lakini mimi angenichukua, kwa kuwa mimi ni damu yao. Nilimshika Mama kiunoni nikakataa kumwachia. Basi akasema angalau achukue gari, maana likiachwa pale litachomwa, na kuchomwa kwa mali ya marehemu kungekuwa aibu kwa ukoo mzima. Mama alikuwa na begi moja na mtoto mmoja, na sauti za watu zilikuwa zikisogea. Akampa ufunguo. Hakutupakia kwenye lori hata kutufikisha katikati ya mji. Aliifunga Datsun kamba na kuondoka nayo, na aliyekuja kutuchukua baadaye alikuwa Bwana Jaswant, mzee wa miaka sabini na kitu, aliyetulaza sakafuni mwa lori dogo la duka lake na kutufunika kwa maboksi ya spea. Tulikaa stoo kwake wiki tano.

Amani iliporudi tulikuta nyumba imeibiwa kila kitu, hata milango ya ndani. Mama hakulalamika. Alisema tuko hai na gari liko salama. Tulipanda hadi shamba la ukoo Jumapili moja ya mwezi wa Machi, tukaikuta Datsun mbele ya nyumba ya Gitau, imeoshwa, imewekewa kitambaa chekundu kwenye dashibodi. Alikuwa akiiendesha kwenda kanisani na kwenye harusi. Alitukaribisha chai. Mama alipouliza kuhusu ufunguo, akasema jambo hilo ni la wazee, si la watu wawili, na kwamba kitabu cha gari kina jina la ndugu yake.

Kikao kilifanyika mbele ya chifu wa pale, kwenye viti vya kukunja, wazee saba na chifu na Gitau katika koti lake la kijivu. Mama alikuwa mwanamke pekee. Alieleza kwa utulivu kwamba gari aliachiwa kwenye kikao cha mazishi, mbele ya watu, likiwa chuma. Mmoja baada ya mwingine wale wazee wakasema hawakumbuki vizuri. Watu waliokula chakula chetu siku ile, waliocheka siku ile, hawakumbuki vizuri. Mimi nilikuwa nakumbuka. Nilisimama nikaanza kusema nilichokisikia nikiwa na birika mlangoni, na mzee mmoja akaniambia nikae, watoto hawaitwi kwenye mambo haya. Chifu alimuuliza Gitau msimamo wake. Gitau akasema, “Hatukatai aliitengeneza. Lakini alitengeneza tu. Fundi akikutengenezea gari, gari inakuwa yake?” Wakacheka kidogo. Kisha yule mzee aliyeninyamazisha akaongeza kwamba baada ya yale ambayo watu wa Mama wamewafanyia, ni ajabu ana uso wa kuja kudai kitu pale.

 Nilimtazama chifu, nikingoja amkemee. Alikuwa anatazama karatasi zake.  Halafu Mama akauliza, bila kupandisha sauti, “Kwa hivyo mnasema cha marehemu kibaki hapa. Na nilichoweka mimi, ni cha nani?” Wazee walitazamana. Chifu, nadhani kwa kutaka kumaliza, akasema alichoweka mwenyewe ni chake, achukue. Gitau alikubali haraka. Alifikiri ni redio.

Tulirudi Jumamosi iliyofuata na sanduku la spana, na Bwana Jaswant akiendesha lori lake dogo. Chifu alikuja, na wale wazee wakaja, na jirani wakaja kuona. Mama alivaa ovaroli yake ya kazini, akafungua boneti, akaanza. Zilitoka kabureta mbili. Ikatoka radieta na mipira yake. Ukatoka mtambo wa cheche, waya zote tulizozivuta upya kutoka mbele hadi nyuma, taa, betri, kioo cha mbele, viti. Mimi nilikuwa nimelala chini nikimwonyesha bolti, kwa kuwa nilizijua kwa vidole. Saa sita tulishusha gia boksi ya gia tano, na Jaswant akateremsha gunia lenye ile ya zamani ya gia nne, akaiweka miguuni pa Gitau kwa adabu kubwa. Gitau alianza kusema hii sasa ni uharibifu. Kwa mara ya kwanza chifu akamkatiza, akamwambia alikubali mwenyewe mbele ya watu. Tulifungua magurudumu mwisho, tukaishusha Datsun juu ya mawe, vile vile ilivyokuwa siku tuliyomzika Baba. Hakuna aliyecheka.

Watu ninaowasimulia habari hii hupenda kuishia hapo. Hupiga makofi, husema mama yako alikuwa simba. Mimi huwa nakasirika, kwa sababu hawajaelewa. Sakafu hatukuweza kuing'oa. Rangi hatukuweza kuikwangua. Zile Jumamosi zote hatukuweza kuzipakia kwenye lori. Gitau aliuza bodi mwaka uliofuata kwa mtu wa Nairobi anayekusanya magari ya zamani, na nasikia gari limefufuliwa tena na hushinda vikombe. Kabureta Mama alizirudisha kwa Bwana Jaswant, na vingine vikaishia kwenye pikapu za watu. Hakujenga gari tena. Nilipomuuliza sababu, alisema amechoka kuweka mikono yake kwenye vitu vyenye jina la mtu mwingine. Bado anatengeneza mashine za maziwa, ana miaka sitini, na amewasamehe wote. Huwapelekea mboga.

Mimi sasa ninafanya kazi Naivasha, ninahudumia pampu za mashamba ya maua, na ninapanga chumba Karagita kati ya watu waliokuja pale mwaka ule wakikimbia na hawakurudi kwao. Jioni tukikaa nje, kila mmoja ana kitu alichonyang'anywa. Wachache tu walinyang'anywa na watu wenye mapanga. Wengine walinyang'anywa na shemeji, na jirani mwema aliyejitolea kulinda ng'ombe, na kaka aliyeombwa kukaa kwenye nyumba kwa muda. Tume zilikuja na kwenda, zikaandika waliochomewa na waliouawa, na ilikuwa haki ziandike. Lakini hakuna aliyetuuliza kuhusu waliokuja na kamba na maneno ya upole. Tunaambiwa nchi imepona. Sheria ya urithi siku hizi inamtambua mjane, hilo nakubali, na wasichana wanasomea ufundi bila kuchekwa sana.

Mwezi uliopita nilipanda kwenda kuitikia mwaliko wa harusi katika ukoo wetu, nikapita ofisi ya chifu, ambaye siku hizi ni mwingine. Nje kulikuwa na wanawake watano kwenye benchi, mmoja ana mtoto mgongoni, wote wamebeba karatasi ndani ya mifuko ya plastiki. Nilimuuliza wa mwisho wanamngoja nani. Akaniambia wanamngoja mzee anayesikiliza kesi za wajane kila Alhamisi, mtu mpole sana, anaitwa Gitau.